Kordi Haikatwi Mkia

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa gita la besi lisilo na kordi hata moja. Nasema kordi kwa sababu hapa Kalemie mpiga gita hasemi nyuzi. Nyuzi ni za kushonea. Nilikuwa nimevaa shati lililopigwa pasi, nimewaambia jamaa zangu wote wa mtaa wa Kataki waje jioni ileile, Jumamosi, wanisikie. Chef d'orchestre, mkuu wa bendi, mtu mrefu asiyecheka, akaniwekea lile gita mikononi kama mtu anayekabidhi mbuzi aliyekwisha kuchunwa.

"Kordi ziko wapi, Chef?" nikauliza.

Akanitazama kutoka viatuni mpaka utosini. "Weye ulikuja kazi pasipo kordi?"

"Nilifikiri gita linakuja na..."

"Gita iko ya patron. Kordi iko ya musicien. Nani alikufundisha weye?"

Nilifundishwa na mjomba wangu, kwa gita la kuazima, na hakuwahi kunitajia jambo hilo. Basi ngoja niwaeleze ninyi wa siku hizi, mnaonunua kordi kama mnavyonunua unite za simu. Wakati wetu hakuna mpigaji aliyekuwa na gita lake. Gita, ngoma, mikrofoni na ampli, yaani lile sanduku la kukuza sauti, vyote vilikuwa mali ya patron mwenye baa. Wewe ulileta vidole vyako na kordi zako nne. Siku ya kuondoka ulilegeza kle, zile funguo za kichwani mwa gita, ukachomoa kordi zako, ukazizungushia kwenye chupa ukaenda nazo. Gita lilibaki uchi, na hakuna aliyekuita mwizi. Ndiyo ilikuwa sheria, na sheria hiyo nimeishika mpaka kustaafu, kwa hasara ambayo mtaiona.

Chef akanituma kwa Papa Gerard, bassiste, yaani mpiga besi, niliyekuja kumrithi, aliyekuwa amegombana na patron wiki ile. Nilimkuta kwake, ng'ambo ya mto Lukuga, anakula. Kordi zake zilikuwa ukutani, zimezungushwa kwenye chupa ya bia, zinang'aa. Nikapiga magoti. Nasema kweli, nilipiga magoti.

"Papa, niazime kwa jioni moja tu."

Akanawa mikono taratibu. "Kijana, hizi njo pansyo yangu ya uzee. Miaka kumi na moja nilipigia ule muntu, na hizi tu njo nilitoka nazo. Kanunue zako."

Akafunga mlango. Wengine hupenda kusema hawakumchukia mtu. Mimi nilimchukia.

Saa zilikuwa zinakwenda. Kordi zilitoka Kigoma kwa boti, na boti haikuwapo. Nikaenda nyumbani, nikaichukua baiskeli ya kaka yangu mkubwa, nikachomoa kable mbili za breki, ya mbele na ya nyuma. Kable ya breki ina kichwa kidogo cha risasi mwishoni, na kichwa hicho kinakaa vizuri sana kwenye daraja la gita, pale chini kordi zinapofungwa. Nikapiga jioni nzima kwa kordi mbili. Watu walicheza, maana watu wa Kalemie watacheza hata ukipiga ndoo, lakini vidole vyangu vilivuja damu. Na kwa wasiwasi ule wote nikasahau kumwambia kaka yangu. Asubuhi akapanda baiskeli yake, akateremka mteremko wa sokoni, akaishia ndani ya meza ya mama mmoja muuza sombe, majani ya muhogo. Alipona. Mimi nusura nisipone mikononi mwake.

Niliapa siku ile: nitakuwa na kordi zangu, na hakuna atakayezipiga isipokuwa mimi. Nitakapoondoka nitaliacha gita uchi, na atakayekuja ajue kazi ni nini.

Tusonge mbele, lakini kwanza mniruhusu kidogo, maana nimechoka kuulizwa. Kordi ya besi ina moyo na nguo. Moyo ni chuma kilichonyooka. Nguo ni waya mwembamba uliozungushwa juu ya moyo, kuanzia mwanzo mpaka karibu na mwisho. Waya ukiwa wa duara, kordi inakuwa na mikwaruzo, na sauti yake inalia kama sahani zinazogongana. Hizo ndizo mnazozitaka ninyi. Waya ukiwa bapa kama utepe, tunaiita kordi laini. Kidole kinateleza na sauti ni nzito, inatoka chini. Kordi ya mikwaruzo inakula uchafu: jasho, vumbi na mafuta ya samaki aliyekaangwa vinaingia katikati ya mikwaruzo, na kwa miezi mitatu imekufa. Msinisingizie ziwa. Kila mara nasikia, "Papa, ni hewa ya ziwa inaleta kutu." Ziwa letu halina chumvi! Chumvi iko mikononi mwenu, na mkishapiga hamfuti.

Na kordi ikifa je? Tulichemsha. Unachomoa zote nne, unazitia katika sufuria ya maji yanayotokota, unangoja muda wa kuiva mayai, unazitoa na kuzifuta haraka kabla hazijashika kutu. Uchafu unabaki majini na sauti inarudi, siku nne au tano. Mke wangu, Mama Yvonne, ameniletea ugomvi mwingi katika ndoa hii kwa ajili ya sufuria ile. Alikuwa na haki, maana mchuzi ulikuwa unatoka na ladha ya msumari.

Kituo changu cha pili kilikuwa Bendera, kule kwenye bwawa la umeme. Wafanyakazi walikuwa na cercle yao, jumba la kupumzikia, na orkestra ndogo. Mkubwa wetu tulimwita Chef wa Cercle. Alikuwa mtu safi kupita kiasi. Alikagua kucha zetu kabla ya kupiga. Gita la pale lilikuwa na shingo fupi, kwa hiyo mikia ya kordi zangu ilizidi. Mkia ni ile sehemu ya mwisho inayobaki baada ya kordi kuzungushwa kwenye kijiti chake kichwani. Mimi niliiacha inaning'inia.

"Leonard," akasema, "ile ndevu ni ya nini?"

"Ni mikia ya kordi, Chef."

"Kata. Gita yangu haiko mbuzi."

Nikakata. Nilikuwa kijana na yeye alikuwa mkubwa. Nilichukua koleo la fundi nikaikata yote minne kwenye ukingo wa kijiti, kwa usafi, na Chef akatabasamu. Laiti angekuwa hai leo nimwoneshe nilichopata kutokana na tabasamu lile.

Nikahamia Kongolo. Abbé Directeur, padri mkuu wa shule ya misheni, alitafuta bassiste wa kupiga kanisani na kufundisha wanafunzi. Nikafika na chupa yangu na kordi zangu nne safi, zilizokatwa mikia. Gita la Abbé lilikuwa na shingo ndefu. Tayari mmeelewa. Kordi za sol, re na la zilifika kwa kuvutwa, zikashika nusu mzunguko kwa shida. Mi, ile nene, mama wa besi, ilipungukiwa na upana wa kidole gumba. Nilivuta, nikasali, nikatukana kwa Kiholoholo ili Abbé asielewe. Ilikuwa Jumamosi ya Pasaka.

Nikapiga misa ya Pasaka kwa kordi tatu. Baada ya misa Abbé akaniita sakristia.

"Papa Leonard, Mungu anasikia moyo wako. Miye ninasikia kordi tatu."

"Ya nne ilikuwa fupi, Abbé."

"Nani aliikata?"

Ningemtaja Chef wa Cercle, lakini koleo lilikuwa mkononi mwangu.

Yule Abbé, Mungu amrehemu, hakunifukuza. Aliandika barua kwa rafiki yake padri, na baada ya miezi miwili nikapata pakiti ya kordi laini, nne, mpya. Akaniambia, "Hizi ni zako. Usikate." Na sikukata. Nilizungusha mkia wote kwenye kijiti, mizunguko saba kamili, kwa kila kordi. Kisha nikachukua uzi mwekundu wa cherehani ya Mama Yvonne, nikaufunga mwanzoni mwa kila moja, karibu na daraja, ili hata nikiwa nimefumba macho nizipapase na kujua ni zangu. Hizo ndizo kordi nilizorudi nazo Kalemie, na ndizo nilizopigia miaka na miaka. Kwa maisha yangu yote ya kazi sikumiliki kitu kingine. Magita yalikuwa ya wenyewe. Nyumba ninayokaa ni urithi wa mke wangu. Kordi nne zilikuwa zangu.

Kituo changu cha mwisho, na kirefu kuliko vyote, ni korali ya parokia hapa mjini, chini ya Mama Prezidante, mwenyekiti wake. Ni mama wa sauti ndogo na amri kubwa. Alinunuliwa gita na waumini, mimi nikatia kordi, tukaanza kazi. Miaka ikapita. Kordi laini zikazeeka, sauti yake ikazidi kushuka, na mimi nikazidi kuipenda. Nilijisifu kwa kila mtu: nifumbeni macho, nipeni kordi mia, yangu nitaitambua kwa mlio mmoja. Nilisema hivyo kwenye harusi na kwenye vilio, na hata kwa daktari aliyekuja kunipima macho.

Macho, ndiyo. Yalianza kuona ukungu. Mama Prezidante akaniletea msaidizi, Clarisse, muuguzi wa zahanati, mama wa watoto wawili, mwenye vidole virefu na mdomo mfupi. Alipiga vizuri, sikatai. Jumamosi alilifuta gita na kulirekebisha mlio kwa vile mimi sikuona tena vizuri, na misa za asubuhi alipiga yeye. Kwa kordi zangu? Kwa kordi zangu. Shingo upande, lakini nilikubali, kwa kuwa korali haikuwa na gita la pili.

Mwezi wa kwanza tu akaanza. "Papa, kordi zimechoka."

"Umechoka wewe. Hizi zinaanza kuiva."

"Papa, nilituma muntu Kigoma. Aliniletea zingine, laini vilevile, mupya. Tujaribu?"

Moto ukawaka. Nilimwambia kordi laini mpya ni sahani, inahitaji miaka mitano ya mikono kabla ya kuwa besi. Nilimwambia mengi, mbele ya masoprano wote. Akakunja pakiti yake akaitia ndani ya mkoba. "Ndiyo, Papa," akasema, na hakuitaja tena. Nikajua nimeshinda.

Kitu kimoja tu kilinikera tangu nilipopona malaria muda mfupi baadaye: mikono ya Clarisse ilinuka mawese. Kila Jumamosi! Gita lenyewe lilianza kunuka kama jiko la wali na sombe. Nilimgombeza sana. "Wewe ni muuguzi, unagusa wagonjwa, na huoshi mikono? Mafuta yanaua kordi!" Yeye, "Ndiyo, Papa," na Jumamosi inayofuata harufu iko palepale. Nikawa nampelekea sabuni, mtu mzima, mama wa watoto.

Lakini niseme na mema. Kipindi hichohicho korali yetu iliyokuwa inateleza sauti ilianza kuimba sawasawa. Zamani masoprano walikuwa wanazama kila wimbo ukifika juu. Sasa walisimama imara. Nilijua ni kwa sababu ya makelele yangu. Nilimwambia Mama Prezidante, "Unaona? Nimewafundisha kusikia." Akatazama chini. Nikafikiri ni unyenyekevu.

Na mara nyingi nilimwita Clarisse, nikapiga kordi ya la, nikaiacha ilie mpaka inyamaze. "Sikia hiyo," nilimwambia. "Hiyo ndiyo kordi ya miaka. Zako za Kigoma zingeweza?"

"Hapana, Papa."

Miaka mitatu nilimchezea mchezo huo.

Mwaka huu daktari akasema basi, na mkono wa kushoto nao ukaanza kufa ganzi. Nikamwambia Mama Prezidante kwamba nastaafu, na kwamba mkesha wa Pentekoste ndiyo repetisyo yangu ya mwisho, mazoezi ya mwisho na korali. Walinifanyia sherehe Jumamosi ile, saa tisa mchana, ndani ya sale, ukumbi wa parokia. Maneno yalisemwa. Nilipewa kitenge na kiti cha kukunja. Wote wakangoja nishukuru.

Nikashukuru. Kisha nikasema, "Sasa nileteeni gita nitoe kordi zangu."

Mama Prezidante akashika kifua. "Papa Leonard! Kesho ni Pentekoste!"

"Najua."

"Clarisse atapiga na nini?"

"Mimi siku ya kwanza nilipiga na kable ya breki. Zahanati haina baiskeli?"

Ndivyo nilivyosema, mbele ya watu arobaini, na kitenge chao mapajani mwangu. Sitajisafisha. Nilikuwa nimeingoja siku ile tangu Papa Gerard aliponifungia mlango. Nilitaka mtu mwingine naye asimame na gita uchi mikononi, na aliyekuwa karibu alikuwa Clarisse.

Clarisse akaja, akapiga magoti kando ya kiti changu. "Papa, acha nitoe miye. Utaumia mukono."

"Kordi ni zangu, nitazitoa mwenyewe."

"Papa, nakuomba. Uende nyumbani, nitakuletea."

Nikafikiri anabembeleza gita lisibaki uchi. Nikalilaza mapajani. Nikapapasa chini, kwenye daraja: uzi mwekundu upo, kwenye zote nne. Nikapanda juu, nikalegeza kle ya sol. Nikaanza kuhesabu mizunguko kwa kidole, kwa kujionesha, kwa sauti, ili wajifunze. "Mmoja. Miwili..."

Sol ikaanguka.

Nikapapasa kijiti. Kitupu. Nikaishika kordi, nikafuata mpaka mwisho wake: ilikuwa imekatwa, safi, kwa koleo. Haikuwa na mkia. Nikalegeza re. Mizunguko miwili, ikaanguka. Nikalegeza la. Miwili. Mi nayo miwili. Kordi nne zikalala mapajani juu ya kitenge, zote zimekatwa mikia, na hakuna hata moja iliyokuwa yangu.

Hapo nilielewa jambo baya zaidi: hakuna aliyeshangaa. Masoprano walijua. Mpiga ngoma alijua. Nikapeleka vidole puani. Mawese.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Miaka mitatu," Clarisse akasema. "Wakati ule ulishikwa na malaria. Kordi ya la ilikatika yenyewe, Jumamosi, hapa kwenye daraja. Kesho yake kulikuwa misa. Ningefanya nini?"

"Na zingine tatu? Nazo zilikatika?"

Akachelewa kujibu. "Hapana, Papa. Zilikuwa zinadanganya. Huku chini zilikuwa muzuri, lakini ukipanda juu ya shingo sauti inaanguka. Masoprano walikuwa wanakufuata weye, banazama. Nikabadilisha zote."

"Na mawese?"

"Kordi mupya zinalia sana. Ungesikia mara moja. Nikazipaka kidogo, kila Jumamosi, ile sauti ishuke."

"Uzi mwekundu?"

Hapo akamtazama Mama Prezidante, na Mama Prezidante akatazama dari. Nikajua mwenyewe. Ndani ya Kalemie nzima ni cherehani moja tu yenye uzi ule, na iko chumbani kwangu.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekuambia, ungeacha korali."

"Ningeacha, ndiyo!"

"Njo maana, Papa."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku ile ya Kongolo. Miaka mitatu nimemwambia sikia kordi yangu, na ilikuwa yake. Nimempelekea sabuni. Nimejisifia masikio mpaka kwa daktari. Na sasa nilikuwa nimeketi mbele ya watu, nimevua gita kordi za mtu mwingine, kitu ambacho kwa sheria yangu mwenyewe ni wizi. Nilitaka kupiga kelele na sikupata wa kumpigia.

Clarisse alifungua mkoba, akatoa bati la biskuti. Ndani zilikuwemo kordi zangu, zimekunjwa vizuri, moja moja, kordi ya la ikiwa vipande viwili. Mikia yake ilikuwapo, mirefu, imejipinda kama ilivyojipinda kwenye vijiti vyake miaka yote. Hakuzitupa hata moja.

"Nilete koleo?" akauliza mpiga ngoma, mjinga yule, akidhani nitazikata.

"Kaa chini," nikamwambia.

Nikachukua mi ya Clarisse, nikairudisha kwenye kijiti chake. Hizo kordi fupi zinasumbua sana kushika. Mizunguko miwili si kitu. Zilinichukua nusu saa. Hakuna aliyeondoka. Clarisse alitaka kunisaidia, nikamkata jicho, akangoja. Nilipomaliza nilimrudishia gita likiwa limevaa, nikamwambia, "Pakiti nyingine ukinunua, usikate mkia. Utahamia gita refu siku moja, utanikumbuka."

"Ndiyo, Papa."

Nilirudi nyumbani na kitenge, kiti na bati. Mama Yvonne alikuwa anachambua mchele. Nikaweka bati mbele yake. Hakulifungua.

"Kumbe wamekuambia," akasema.

"Uzi uliutoa wewe."

"Nilitoa. Na mawese vilevile, ya kwetu njo muzuri." Akaendelea na mchele wake. "Ulikuwa unarudi hapa kila Jumapili unacheka. Nani angekuambia?"

Nilikuwa na hasira na wote, na sikuweza kukasirika, na hilo lilinichosha kuliko hasira yenyewe.

Ninyi mnaosoma haya na mnaoanza kazi, mnataka mzee awape hekima ya kustaafu. Nina hii: futeni kordi baada ya kupiga, msikate mkia, msichemshe zaidi ya mara tatu. Kuhusu masikio, msiniulize tena mimi.

Pentekoste niliketi kwenye benchi katikati ya waumini, mara ya kwanza maishani. Nilijiambia: leo nitasikia sahani. Hakuna tena sababu ya kuzipaka, Clarisse atakuwa amezifuta usiku kucha, na besi italia kama jiko la hoteli. Nikajiandaa kukereka. Wimbo wa kuingia ukaanza.

Sauti ikatoka chini, nzito, ileile. Ile niliyoipiga na kuisifu miaka mitatu. Masoprano wakapanda juu, wakasimama. Niliusikia wimbo mzima nikiwa nimeshika benchi la mbele yangu kwa mikono miwili.

Baada ya misa nilimngojea mlangoni.

"Ulisahau kutoa mafuta?"

"Hapana, Papa," Clarisse akasema. "Nilizifuta jana jioni. Kiisha nikapaka tena."

"Kwa nini? Siko tena pale!"

Akatazama vidole vyake. "Njo sauti ya besi yetu ile. Nimeizoea. Sijui ingine."

Nikamwambia mikono yake inanuka mawese, akaoshe, kisha nikageuka haraka kwenye mwanga wa nje, nikashuka ngazi bila kuziona.